Farumi ya Ndege

Mimi ni mtu wa mdomo. Ofisini, kule masjala, faili likipotea mimi ndiye ninayemfuata mkubwa hadi mlangoni kwake nikamwambia kalichukua yeye. Sokoni Kilindoni wauza samaki wakiniona wanataja bei ya mwisho kwanza, ili wapumzike. Aliyekuwa mume wangu aliondoka akisema amechoka kushindana. Mtu mmoja tu duniani nilikuwa sijapata kumjibu, naye ni baba yangu.

Baba ni fundi wa vyombo vya baharini wa Jibondo. Mimi nimezaliwa hukohuko, kwenye kisiwa cha mawe ambako maji ya kunywa yalikuwa yakiletwa kwa chombo kutoka ng'ambo. Nakumbuka foleni ya ndoo ufukweni, na mama akitupimia vikombe. Kwa hiyo fundi kwetu hakuwa mtu wa kuchezewa. Baba akipita, watu wazima walipunguza sauti. Nyumbani akisema jambo, limesemwa. Sisi watoto tulikua na methali moja tu kichwani, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilitaka miguu yangu yote miwili.

Bandani kwake, mahali alipokuwa akijengea, sikuwahi kuingia. Kwetu binti haruki mkuku, ule mti wa kwanza unaolazwa chini na chombo kizima kikasimama juu yake. Tuliambiwa mwanamke akiuvuka, chombo hicho kina nuksi. Mwisho wangu ulikuwa kwenye nguzo ya kwanza ya banda: natua sinia la chakula, napiga hodi, narudi. Kutoka ndani nilisikia mashoka, tezo na kelele za wanaume, lakini maneno yenyewe hayakunifikia. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeingia. Akakaa humo miaka, akatoka, akaenda zake Dar es Salaam kutengeneza simu. Hilo nililimeza, ila halikushuka vizuri.

Mwaka juzi baba alipata kiharusi. Mama alikwishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo nikamleta kwangu Kilindoni. Miguu ilirudi, kwa fimbo. Ulimi ulirudi. Mkono wa kulia haukurudi: ukawa unatetemeka hata akiupumzisha mapajani, na kikombe cha chai kikifika mdomoni kimebaki nusu. Zana zake zilikuja ndani ya kiroba. Akakisukuma kwa mguu hadi chini ya kitanda, kisha akakaa juu ya kitanda akiukabili ukuta. Asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, na hiyo marahaba ndiyo maongezi yetu ya kutwa. Chakula alikigusa tu. Ukuta wenyewe hauna kitu, ni chokaa iliyobanduka.

Daktari aliniita pembeni. Akaniambia mwili wa mzee unaweza kuishi, lakini mwenyewe hataki. "Mtafutieni kazi ya mikono," akasema, "kitu chepesi. Mtu wa kazi huyu, akiendelea kukaa hivi mtampoteza." Nikatoka pale nikiwa na jambo moja tu nililolitaka: baba ageuke, auache ule ukuta.

Mdogo wangu ndiye aliyeleta wazo. Alituma boksi kwa boti ya Nyamisati, limefungwa pamoja na mchele. Ndani mlikuwa na ndege ya kuunga, ile ya kurusha kwa rimoti, vipande vyote vya foamu nyeupe kama ya maboksi ya kusafirishia samaki. "Dada, ni nyepesi," akaniambia kwenye simu. "Hakuna kupiga shoka, hakuna kuchana mbao. Ni kubandika tu." Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia mengine pia. Baada ya hapo nikalifungua boksi juu ya mkeka chumbani kwa baba, kwa kuwa sikuwa na wazo bora.

Foamu ikisuguana inalia. Baba akageuza kichwa. Nilikuwa nimeshika ubavu mmoja wa kiwiliwili cha ndege, maana kiwiliwili huja kimepasuliwa mara mbili kwa urefu, kama samaki wa ng'onda. Akanyoosha mkono wa kushoto, akakipokea kipande hicho, akakipima uzito kwa kukirusharusha kidogo. Kisha akachungulia ndani.

"Mataruma yako wapi?" akauliza.

Mataruma ni mbavu za chombo. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa wiki nyingi. Nikamwambia hakina, kimekuja hivyohivyo. Akaguna. "Nani huyo anayejenga chombo bila mbavu?" Akajiburuta kutoka kitandani hadi mkekani. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, nikarudi.

Kulikuwa na kitabu cha maelekezo, Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, chenye picha na mishale. Nilianza kumsomea. Alinisikiliza hadi ukurasa wa pili akanizuia. "Sijapata kujenga chombo kwa karatasi. Karatasi ikilowa, utajenga nini?" Basi tukajenga kwa jicho lake. Alipima bawa kwa shubiri, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole kidogo, akapima na la pili, akaniambia moja limezidi kwa unene wa kucha. Nilipima kwa rula ya ofisini, ikawa kweli. Kiwandani hawakuliona, yeye kaliona.

Halafu akaniambia, "Shika hapa."

Maneno mawili tu. Nina umri wa miaka arobaini na kitu, nimezaa, nimeachika, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno matamu kama hayo. Nikashika. Yeye anapaka gundi kwa mkono wa kushoto, mimi nimebana. Anasema achia, naachia. Anasema bana, nabana. Mkono wa kulia ukitetemeka sana aliukalia. Nilikuwa nikitoka kazini mbio, bila kugombana na mtu njiani, hadi watu wa masjala wakaulizana kama naumwa.

Hiyo gundi ilitusumbua. Ya kwenye boksi iliisha haraka kwa sababu baba alitaka kila mshono upigwe kalafati, yaani usokotewe pamba ndani kama anavyoziba nyufa za vyombo vya mbao. Akanituma dukani gundi ya viatu. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, mwalimu wa fizikia, mtu wa Mbeya, alikuwa amekuja kutusaidia mambo ya nyaya, maana chuoni aliwahi kurusha ndege za namna hii. Alipoiona ile gundi akachuchumaa. "Shikamoo mzee. Samahani mzee, hii gundi inakula foamu." Nikamtolea macho. Humwambii baba yangu hivyo, tena mbele ya bintiye. Lakini baba alichukua kipande cha foamu kilichobaki, akatia tone, akangoja. Foamu ikanywea, ikafanya shimo. Baba akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu augue. "Kweli, inakula! Ahsante, mwalimu." Nikajiambia kamvumilia kwa sababu ni mgeni.

Wiki tatu ndege ikasimama. Ilikuwa na mabawa marefu, mkia, rafadha ya kuzunguka puani, na ndani mota mbili ndogo kama njugu za kuvuta vijiti vya usukani. Mwalimu aliunga nyaya, tukaiona ikitikisa mkia mkekani, baba akapiga paja. Wakati huo alikuwa anakula. Alikuwa ananigombeza pia. Chai haina tangawizi, mlango umeachwa wazi, umebana vibaya, nani kakufundisha kubana hivyo. Nilikuwa naingia kitandani nimechoka kwa kugombezwa na nina furaha.

Siku ya mwisho ya kazi alinituma nikamtafutie chubwi mbili, zile risasi za kuzamishia mshipi wa kuvulia. Nikazileta. Akachimba tundu mkiani kwa wembe, akazipachika, akaziba kwa kipande cha foamu, akalainisha kwa kucha hadi huoni pa kuanzia. "Farumi," akaniambia. Farumi ni uzito unaowekwa chini ya chombo ili kitulie; omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. "Chombo kikiinama omo kinachimba maji. Ukikilemeza tezi kidogo kichwa kinakuwa chepesi, kinapanda wimbi. Ndege nayo inataka ipande, haitaki izame." Alieleza taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake kitu. Nilijua ananikabidhi.

Jioni mwalimu akaiinua kwa vidole viwili chini ya mabawa, palipokuwa na alama mbili ndogo. Mkia ukaanguka papo hapo. Akanitazama, hakusema kitu mbele ya mzee. Uani akaniambia ndege haiendi kama chombo cha majini. Uzito unatakiwa uwe mbele. Ikiwa nzito mkiani itainua pua, itasimama hewani, itaanguka, na hakuna rimoti itakayoiokoa. Nilikwenda kusoma kitabu kile. Ukurasa wa tisa ulikuwa na picha ya ndege yenye mkia mzito, na alama kubwa ya kosa juu yake.

"Mwambie tu," mwalimu akasema.

"Siwezi."

"Wewe? Wewe usiyeshindwa na mtu?"

"Hujui kwetu. Na huyu ni mgonjwa."

"Ile gundi nilimwambia, akacheka."

"Wewe mgeni. Mimi binti yake."

Nililala na hilo siku tatu. Nikimwambia, nitakuwa nimemwambia fundi wa Jibondo, mbele ya mkono wake unaotetemeka, kwamba hata jicho limekwisha. Ataukabili ukuta. Nisipomwambia, ndege itaanguka mbele ya watu, na ataukabili ukuta vilevile. Na watu walikwisha alikwa. Baba alisema chombo hakishuliwi, yaani hakitiwi majini, kimya kimya, hata kikiwa cha foamu, kwa hiyo jirani wote waliambiwa Jumamosi, maji yakipwa, pale kwenye mchanga. Nilihangaika ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama kuku aliyeingia jikoni. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, hiyo nilifundishwa. Ya anayemchelea baba hakuna aliyenifundisha.

Ijumaa baba alikwenda msikitini. Nilimsikiliza hadi mlio wa fimbo yake ulipopotea, nikachukua wembe. Nilichokonoa kile kiraka, nikazitoa chubwi mbili, nikazihamishia puani, kando ya betri, nikazibana kwa gundi. Nikarudisha kiraka cha mkiani juu ya tundu tupu, nikalainisha kwa kucha kama nilivyomwona akifanya. Niliinua ndege kwa vidole viwili, ikatulia sawasawa, pua imeshuka kidogo. Niliona aibu, na humohumo nikajiona hodari.

Jumamosi nilichoma ubani kwenye chetezo na kukaanga maandazi. Majirani walikuja na maneno yao. "Leo mnashua ndege? Kesho mtaturushia jahazi!" Baba alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Akaisomea Fatiha ndege yake, akapitisha chetezo chini ya mabawa, akanipa mimi niibebe hadi kwenye mchanga. Mwalimu alishika rimoti. Nikairusha kwa mkono kama nilivyoelekezwa.

Ikapaa. Ilishuka kidogo, kisha ikajikamata, ikainuka polepole juu ya mchanga, ikaenda mbali juu ya maji ya kina kifupi, ikageuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mvuvi mmoja aliyekuwa anatengeneza nyavu akasimama, akapaza sauti, "Fundi bado fundi!" Watu wakamfuata baba kumpa mkono. Yeye aliwapa ule wa kushoto bila kuwatazama. Alikuwa ameinua uso, anafuata ndege kwa macho, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake nikamsikia akisema peke yake, "Mkia mwepesi."

Nilijifanya sikusikia. Ndege ikatua mchangani bila kuvunjika hata ncha, watu wakala maandazi.

Tuliporudi aliniita chumbani. Ndege ilikuwa mapajani mwake, gumba la mkono wa kushoto likiwa juu ya kiraka cha mkiani. Alikibonyeza, kikazama.

"Nani kagusa farumi?"

"Mimi, baba."

"Lini?"

"Jana. Ulipokuwa msikitini."

"Ulijua n'mekosea."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyoziweka."

Nilisubiri anitukane. Niliomba kwa Mungu anitukane.

"Ungenambia," akasema.

"Ningekwambiaje, baba? Wewe ni baba yangu."

"Nyumbani, ndiyo. Bandani hakuna baba." Aliligeuza lile gumba huku na huku ndani ya tundu. "Mdogo wako alikuwa na miaka kumi na miwili, alinambia mbele ya watu ubao wangu umepinda. N'limzaba kofi. Kisha n'kaenda kuutazama ubao. Umepinda. N'kaung'oa. Zile kelele ulizokuwa ukizisikia ukileta chakula, ulidhani ni nini? Ni watu wananambia n'mekosea. Watu wanapanda mle, mwanangu, wanakwenda kutuletea maji. Mwanafunzi akiona kosa akanyamaza, namfukuza siku ileile."

"Sikujua. Sijawahi kuingia."

Hilo alilifikiria. Akatikisa kichwa. "Kweli. Hukuingia." Nilidhani yamekwisha. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Lakini hukunyamaza kwa adabu. Ulinionea huruma."

Mdomo huu wangu, unaojulikana hadi bandarini, ulifunguka ukajifunga. Ningesema nini, naye amesema kweli?

Akanipa ndege, akapanda kitandani, akaukabili ukuta.

Iko juu ya kabati sasa. Mwalimu aliomba airushe tena, baba akamwambia, "Chukueni tu." Hanigombezi. Nimemwachia mlango wazi makusudi. Nimempelekea chai bila tangawizi, kisha bila sukari, akainywa nusu iliyofika mdomoni na kunishukuru. Mchuzi niliutia chumvi hadi mimi mwenyewe sikuweza kuumeza. Alikula. Nilimwomba radhi, akasema amekwisha kunisamehe, tena kwa upole, na upole huo ndio unaonimaliza.

Mwezi uliopita mdogo wangu alituma boksi la pili, ndege kubwa kidogo. Nililifungua juu ya mkeka uleule na kusuguanisha foamu ili ilie. Baba hakugeuka. Basi nikaanza mwenyewe, nikizungumza kwa sauti, napima kwa shubiri yangu, nabana, naachia. Mabawa nikayachukua nikayapachika juu chini, mgongo ukiangalia ardhi, kosa ambalo hata asiyewahi kuona ndege angelikataa. Nikayatia gundi hivyohivyo. Kisha nikainyanyua nikampelekea, nikaisimamisha kati ya uso wake na ukuta.

"Baba, mimi naona bawa linakaa hivi. Au nimekosea?"

Aliitazama. Aliitazama muda mrefu, kwa jicho lilelile lililoona unene wa kucha. Aliona. Nilimwona akiona, na nilimwona akinitazama mimi baada ya hapo, mikono yangu, gundi vidoleni, na huo uso wangu uliokuwa ukimsihi anizabe kofi.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Umepatia."